Nyumba Iliyokwenda kwa Posta

Kalamia, Hios
3 Mei 1987

Nyumba ni ya mtoto! Nimesema, Pandelis, na sirudi nyuma. Nyumba yote, juu na chini, pamoja na miti yangu ya mastika mia mbili na arobaini na kila tone la utomvu wake, siku nitakapofumba macho ni mali ya Argiro mdogo.

Haya, sasa nakusalimu. Salamu nyingi kwako mwanangu, na kwa mkeo Eftihia, na kwa huyo malkia aliyezaliwa. Sisi huku wazima, na punda mzima.

Telegramu yako ililetwa saa nne asubuhi. Nikamwambia mtu wa posta, "Soma kwa sauti." Akasoma: Msichana. Kilo tatu na nusu. Jina Argiro. Nikamwambia, "Soma tena, lakini safari hii nenda ukasimame pale, mlangoni pa Despo." Maana Despo ana wajukuu sita na hakuna hata mmoja aliyepewa jina lake. Wa mwisho wamemwita Vanesa. Alisikiliza nyuma ya pazia. Mwenyewe sikumwona, lakini pazia lilikuwa linatetemeka.

Walisema, oh, Pandelis ana miaka arobaini na sita, atazaa lini, na miti ya mama yake ataiachia nani. Wamepata jibu. Mwanangu ni msimamizi wa lifti Stuttgart, anawapandisha Wajerumani na kuwashusha apendavyo, na sasa amempandisha mama yake mpaka mawinguni.

Uliniuliza Krismasi kuhusu wosia. Upo mjini kwa wakili wa hati, Bwana Vafias. Niliuandika mwaka ule tulipomzika ndugu yako Isidoros, Mungu amrehemu, na pikipiki yake ilaaniwe. Niliandika kwa mkono wangu, nikampa mjane wake Zambeta nyumba na miti "maadamu anavaa nyeusi," yaani nguo za ujane, asiolewe tena. Lakini mambo yamebadilika. Zambeta hakujaliwa mtoto, na mtu mmoja nyumba ya ghorofa ya nini? Atabaki na chumba cha karibu na tanuri, kina joto, pamoja na ile sufuria yangu kubwa ya shaba. Usimwambie. Yuko shambani tangu alfajiri anapalilia chini ya miti, hata maji hajanywa. Yule ni punda wangu wa pili.

Nitakwenda kwa wakili kuubadilisha nikipata nafasi. Haraka ya nini? Mama yangu alikufa na miaka tisini na sita, na hata hapo ilikuwa kwa uzembe wake.

Mama yako, na bibi wa Argiro,
Argiro Flamudi

*

Stuttgart
24 Mei 1987

Mama mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na Eftihia amelia mara mbili. Tunakushukuru. Nimeifunga kwenye bahasha ngumu nikaituma kwa wakili Vafias aihifadhi, maana hapa Ujerumani nimejifunza kwamba karatasi isiyo na mahali pake si karatasi.

Nimeanza kuchora. Ile ngazi ya mawe ni hatari kwa mtu wa miaka sabini na mitatu. Nitaweka lifti. Ndogo tu, ya mtu mmoja na kikapu. Itapita pale palipo na tanuri, kwa hiyo tanuri na kile chumba cha pembeni itabidi vibomolewe.

Zambeta hajambo? Msalimie shemeji yangu.

Mwanao,
Pandelis

*

Kalamia
30 Agosti 1987

Daktari! Daktari! Daktari! Ifijenia, nimeandika mara tatu kwa sababu mkono umekataa kuacha. Mwanao Mikes ameingia chuo cha udaktari, wa kumi na moja kati ya maelfu, na jina lake liko gazetini!

Salamu kwako binti yangu na kwa mumeo Periklis. Gazeti limefika leo kwa basi. Nimemkopesha Despo alisome, kisha nikalifuata alirudishe, kisha nikamkopesha tena, maana alisema hakuliona vizuri.

Sasa nisikilize, na hili ninaliandika nikiwa na akili zangu. Nyumba nampa Mikes. Argiro mdogo ana baba mwenye lifti, hatakosa pa kulala. Lakini daktari bila kliniki ni padri bila kanisa. Chini, kwenye zizi la punda, ndipo patakapokuwa kliniki. Chumba cha tanuri ndipo wagonjwa watakapoketi kusubiri. Juu ataishi yeye na mke nitakayemtafutia. Na miti ya mastika ni yake pia siku nikifumba macho, kwa sababu daktari akichoka lazima awe na kitu cha kijani cha kutazama.

Zambeta ataelewa. Zambeta huelewa kila kitu, ndiyo maana sijawahi kumweleza kitu. Ana dada yake kijiji cha pili, atakwenda huko na ile sufuria ya shaba. Sasa hivi yuko shambani anakata magome, utomvu udondoke. Msimu huu miti inalia machozi mazito, wanasema kusini nzima hakuna shamba kama letu. Nimewaambia siri ni mkono wangu wakati wa kupanda, miaka hamsini iliyopita.

Wako mama, bibi wa daktari,
Argiro Flamudi

*

Thesaloniki
14 Septemba 1987

Mama yangu,

Mikes anakubusu mikono yote miwili. Mwambie Despo kwamba mwaka wa kwanza watasoma mifupa.

Barua yako nimempelekea wakili Vafias, Periklis alisisitiza. Naomba unipimie madirisha ya juu, urefu na upana, nimeona kitambaa cha pazia cha rangi ya krimu. Na unijulishe wifi yangu atahama lini, ili Periklis alete mafundi wa sakafu wakati nyumba ni tupu.

Jambo moja. Pandelis alinipigia simu kunipongeza, tukaongea vizuri, mara akaniambia lifti yake itakuwa tayari mwakani. Nikamuuliza, "Lifti gani?" Akasema, "Ya nyumba ya Argiro." Nikasema, "Argiro mama?" Akasema, "Argiro mtoto." Nikasema, "Kaka, umekunywa?" Akakata simu. Mama, kuna nini?

Binti yako,
Ifijenia

*

Mjini Hios
28 Septemba 1987

Kwa Mama Argiro Flamudi,

Heshima zako, mama. Natumaini hujambo.

Nimepokea kwa posta barua zako mbili, moja kutoka Stuttgart na moja kutoka Thesaloniki. Kila mmoja wa wanao ameniomba nihifadhi "wosia wa mama." Nilitaka kucheka, kisha nikakumbuka sheria, nikaacha.

Mama, sheria yetu inasema hivi. Karatasi yoyote iliyoandikwa yote kwa mkono wa mwenye mali, ikiwa na tarehe na sahihi yake, na ikisema nani apate nini baada ya kufa kwake, ni wosia. Haihitaji muhuri wangu wala shahidi. Nimewahi kufungua wosia ulioandikwa nyuma ya kalenda ya ushirika. Wewe huwa unasahau kuandika mengi, lakini tarehe na sahihi hujasahau kamwe.

Kwa hiyo una wosia tatu. Zinapogongana, wa mwisho ndio unaosimama. Nakueleza wazi, kwa kuwa nakuheshimu: ukifariki leo, nyumba na miti ni vya kijana Mikes, na mkaza mwana wako Zambeta, ambaye hana damu wala mtoto wa kumtetea, atatoka mlangoni na sufuria. Miaka kumi na mmoja ya kazi yake haimpi hata tawi. Kama ndivyo unavyotaka, basi. Kama sivyo, njia ni mbili. Uje ofisini na mashahidi watatu, au uandike upya kwa mkono wako mwenyewe, kila neno. Ya kuchapwa kwa mashine haifai, na ya kuandikiwa na mtu mwingine haifai.

Na mpaka utakapoamua, tafadhali mama, usimwandikie mtu yeyote ukiwa na furaha.

Aristarko Vafias
Wakili wa hati

*

Kalamia
11 Oktoba 1987

Wifi yangu Ifijenia,

Nakusalimu. Mimi siyo mwandishi, mwandishi wa nyumba hii unamjua. Ila safari hii hawezi, na amenikataza nisikwambie kwa nini, kwa hiyo nakwambia.

Mama alianguka kutoka kwenye punda. Yeye anasema punda alimshusha. Alilala hospitali mjini siku tatu. Mfupa haukuvunjika, kiuno kina alama kama ramani, na miwani imesagika. Bila miwani hakioni hata kidole chake. Ya kupatikana haraka ilikuwepo dukani, lakini amechagua fremu za dhahabu kama za mke wa waziri, na zinatoka Athens.

Kwa sababu hiyo barua zote zilizofika nimemsomea mimi. Barua yako pia, wifi, pale penye madirisha na pale penye kuniuliza nitahama lini. Nilisoma mpaka kwenye jina lako. Siku ya pili ikaja ya wakili, nikaisoma nayo yote, pale penye damu na pale penye sufuria. Kisha nikamuuliza mama, "Nikuletee chai ya majani ya mlimani?" Akasema ndiyo. Akanywa. Tangu hapo hajajisifu hata mara moja, mpaka Despo amekuja kuuliza kama ni mgonjwa.

Sikuandikii kulalamika. Nyumba ni ya mama, ampe anayemtaka. Nakuomba mambo mawili tu. Usigombane na shemeji Pandelis mbele yake, maana kinachomuuma si kiuno. Na mniache nimalize kusafisha mastika ya mwaka huu, mpaka mwisho wa Januari. Kilo zote nimezikusanya kwa mkono, nisingependa kuziacha kwenye sinia na vumbi lake. Baada ya hapo nitakwenda kwa dada.

Dirisha la mashariki ni sentimita tisini kwa mia na thelathini. Mengine hayalingani, mafundi wa zamani walipima kwa macho.

Wifi yako,
Zambeta

*

Ofisi ya chama cha ushirika cha mastika, Kalamia
(tarehe haitajwi)

Kwa watoto wangu Pandelis na Ifijenia, nakala mbili.

Barua hii inapigwa taipu, na tarehe sitaki iwekwe, na sahihi sitii, ili hata mwanasheria mkubwa wa Athens asiweze kuigeuza wosia. Leonis karani wa mizani, anayenipigia, alitaka kuandika tarehe kwa mazoea, nikamshika mkono. Andika, Leonis. Andika na hilo.

Watoto wangu, mimi ni mzima. Kama mmesikia kuhusu punda, mmesikia vibaya.

Nimekuwa mama anayetoa nyumba kama anayetoa pipi. Kila mmoja wenu akinipa furaha, namtupia nyumba ileile. Ulimi hauna mfupa, lakini sikujua kwamba kalamu nayo haina. Mimi nilidhani wosia ni ule ulio kwa wakili, umefungwa utepe, na barua ni barua. Kumbe kila siku nilikuwa naufungua kwa mkono wangu na kuutia posta.

Kwa wakili na mashahidi watatu siendi. Mashahidi watatu wa Kalamia ni sawa na kengele ya kanisa. Nasubiri miwani.

Na hili nisikilizeni. Zambeta alinisomea barua zenu kwa sauti ileile anayosomea maelekezo ya dawa. Hakumeza hata mate. Ningependa anitukane. Mmoja wenu angenitukana. Mimi mwenyewe ningejitukana. Yeye aliniletea chai. Miaka kumi na mmoja sijamwambia yule mwanamke neno zuri hata moja, na najua kwa nini: niliona nikimsifu atajua thamani yake, na akijua thamani yake ataondoka. Ndiyo maana niliandika pia yale maneno ya nyeusi. Nilimzika mwanangu, nikataka kubaki na mkewe. Wosia nikaufanya kamba. Msimu huu miti imelia sana, lakini si kwa sababu ya mkono wangu wa miaka hamsini. Ni mkono wake. Siandiki hili kwa mkono wangu kwa hiyo si kitu kisheria, lakini ni kweli.

Leonis, mbona unapiga polepole? Huyu Leonis ni mtu mwema lakini kila nikitaja Zambeta anakosea herufi. Amebadilisha karatasi mara mbili.

Msinijibu kwa hasira.

Mama yenu, bila sahihi

Nyongeza ya mpiga taipu, ambayo Mama Argiro haijui.
Mimi ni Leonis Psaros, miaka hamsini na moja, mjane. Nilimwomba Zambeta tuoane Jumatatu ya Pasaka. Aliniambia hapana, akanishukuru, akachukua risiti yake ya mizani. Sikujua sababu mpaka leo, nilipoipiga taipu kwa vidole vyangu: nyeusi. Sitaki nyumba ya mtu. Nina chumba changu nyuma ya ofisi. Nilifikiri mnapaswa kujua kwamba amekataa mtu kwa ajili ya miti ambayo imeshagawiwa mara mbili bila yeye kuulizwa. Tarehe naiweka mimi: 16 Novemba 1987.
L. Psaros

*

Stuttgart
29 Novemba 1987

Mama,

Sina hasira. Nimempigia simu Ifijenia, nikamsomea ile nyongeza ambayo huijui. Alilia. Kisha akaniambia nichukue lifti yangu niende nayo ninakojua. Kisha akalia tena. Mwisho akanieleza kwamba Mikes, alipoulizwa kama anataka kliniki kwenye zizi, alijibu, "Zizi lipi? Mimi nataka kuwa daktari wa watoto, hapahapa Thesaloniki." Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Kuhusu Argiro mdogo, ana miezi saba. Anachotaka sana kwa sasa ni kula kiatu changu.

Tumekubaliana mimi na dada. Tumemwandikia wakili kwamba tukiulizwa tutasema hatutaki. Lakini amejibu kwamba maneno yetu hayatoshi, Mikes na mtoto wangu ndio waliotajwa, na mtoto wa miezi saba hawezi kukataa urithi. Karatasi yako tu ndiyo inayoweza kufuta karatasi yako. Kwa hiyo mama, miwani ikifika andika. Na kabla hujaandika, muulize shemeji Zambeta kuhusu Leonis wa mizani.

Nisamehe kwa tanuri. Sikujua ndipo mahali alipopangiwa kulala. Hapana, nilijua. Uliniandikia. Nilisoma nikapita.

Mwanao,
Pandelis

*

Kalamia, Hios
6 Januari 1988, siku ya kubariki maji

Zambeta anaolewa! Na nyumba ni yake, na miti ni yake, avae nyeusi, avae nyeupe, avae madoadoa kama kuku wa Despo!

Sasa nawasalimu. Miwani imefika jana, ina dhahabu pembeni, nimeivaa kanisani na padri amenirushia maji ya baraka mara mbili kwa kutonijua. Barua hii nimeiandika mara nne kwa mkono wangu mwenyewe: moja ya Pandelis, moja ya Ifijenia, moja ya Zambeta, na moja ya wakili Vafias, ambaye safari hii anaruhusiwa kuchukulia kwamba nina furaha.

Jana hiyohiyo nilijisomea mwenyewe barua ya Pandelis, niliyokuwa nimekataa kusomewa kwa aibu, kisha nikamkuta Zambeta jikoni. Alikuwa na sinia mapajani, anasafisha mastika kwa kisu kidogo. Nikamwambia, "Leonis wa mizani."

Akasema, "Ana nini?"

"Wewe uniambie ana nini."

"Ana mizani."

"Zambeta, usinichezee, mimi mtu mzima."

Akaweka kisu chini. "Aliniomba Pasaka, mama. Nilimwambia hapana."

"Kwa sababu hana nywele?"

"Nywele za nini, nitazifuga? Kwa sababu ya yale maneno yako. Wakili alinisomea wiki ya mazishi: maadamu anavaa nyeusi. Nikivua, miti inaondoka. Nikapima. Nikaona naweza kuishi bila mwanamume, nimeshazoea. Lakini ile miti naujua kila mmoja unapopenda kukatwa. Ule wa kona ukiukata upande wa jua unanuna mwaka mzima."

Hapo nikajaribu kuwa mjanja, mnanijua. Nikasema, "Sawa. Lakini tangu Oktoba ulijua kwamba nimeshaitoa miti yote, mara mbili. Hukuwa tena na cha kupoteza. Mbona hukwenda kwa Leonis siku ileile?"

Akachukua kisu chake, akaendelea kusafisha. Akasema, "Ningekwenda, nani angekusomea barua?"

Watoto wangu, nilianza kuitafuta miwani mezani ili nijifiche nyuma yake, kumbe nilikuwa nimeivaa. Nikamwambia, "Wewe ni binti yangu." Akasema, "Mimi ni mkaza mwana wako, mama, binti yako anataka mapazia." Nikacheka, akacheka, sinia likatikisika na mastika zikamwagika sakafuni, tukaziokota mimi na yeye mpaka kiuno changu kikakumbuka punda. Jioni alikwenda mwenyewe kwenye mizani, akamwambia Leonis ndiyo.

Basi huu ndio wosia wangu, na zote za nyuma nazifuta, ule wenye utepe na zile mbili zenye stempu.

Nyumba yangu ya Kalamia, juu na chini, na tanuri lake likiwa zima, pamoja na miti ya mastika mia mbili na arobaini, nampa Zambeta, mjane wa mwanangu Isidoros, bila sharti la nguo wala la mume. Mashamba mawili ya mizeituni na bustani ya machungwa ni ya Pandelis na Ifijenia, nusu kwa nusu, kwa sababu wakili anasema mtoto hanyimwi fungu lake, na hata asingesema nisingewanyima. Argiro mdogo nampa hereni zangu za harusi. Mikes nampa saa ya babu yake. Daktari wa watoto lazima ajue saa. Zambeta ameniuliza, "Na sufuria ya shaba?" Nikamwambia, "Unaitaka bado?" Akasema, "Nimeshaizoea." Basi na sufuria ni yake.

Alisema pia, "Na barua nyingine utaandika lini, mama, nijiandae?" Nimemwapia kwamba tutafanya hivi. Watu wanazaliwa, wanafaulu, wanaolewa, na mimi furaha siwezi kuizuia. Kwa hiyo kila mwaka mastika ikishasafishwa, tutakaa mezani wote pamoja, tuusome wosia kwa sauti, tuulize nani ameongezeka na nini kimebadilika. Kama kuna cha kubadilisha nitabadilisha pale, mbele yenu, nikiwa nimekula. Posta itabeba salamu tu.

Nimewatembelea Despo na nyumba zote za mtaa wetu, nikawaambia siri ya miti yetu ni mkono wa nani. Despo amesema, "Tulikuwa tunajua, Argiro. Wewe tu ndiye uliyekuwa hujui."  Nina miwani mpya, nimemtazama tu.

Leonis atahamia kwetu, chumba chake cha nyuma ya ofisi kina panya na risiti. Nimemwambia ngazi ya mawe inapandwa kwa miguu. Ifijenia, mapazia ya krimu uyashone, lakini ya dirisha la mashariki tu, na upime mwenyewe hayo mengine ukifika. Pandelis, mlete mtoto na mkeo, na kama una vifaa vya kazi lete kile cha kukaza mlango wa zizi, punda anaufungua. Padri ameshaambiwa, na ng'ombe wa mchuzi ameshachaguliwa. Tutaanza na wosia mezani Jumamosi jioni, tuumalize kabla ya chakula. Harusi ni kesho yake, Jumapili tarehe 31 Januari, saa tano asubuhi, na mnatarajiwa wote.

Argiro Flamudi